Mwani, makumbi na samadi kuwa mboji ya mboga za maweni: chumvi na chokaa tuvikabili vipi?

Mama_wa_Konde (Kusini Unguja) anauliza:

Assalamu alaykum wakulima wenzangu.

Sisi ni kikundi kidogo cha akina mama tunaolima mboga katika ardhi ya maweni, baina ya Jambiani na Makunduchi, ambako udongo umejikusanya katika mianya ya mawe tu na ukichimba kidogo unakutana na jiwe. Tunapanda tungule (nyanya), bamia, mchicha na pilipili boga, na sehemu ya mboga hizo tunawauzia wenye mahoteli ya pwani, ambao wanazihitaji mwaka mzima na wanalazimika kuagiza nyingi kutoka Tanzania Bara. Mbolea ya dukani tunaitia, lakini tukishamwagilia mara chache huwa kama haikutiwa, na maji nayo hayakai.

Taka za shamba na za pwani tunazo nyingi. Kuna masalia ya mwani, yaani vipande vilivyokatika na vilivyopauka ambavyo mnunuzi havitaki. Kuna vumbi la makumbi ya nazi linalobaki baada ya kuchambua usumba wa kamba. Kuna migomba iliyokwisha kuzaa. Kumvi za mpunga, yaani maganda yake, tunaweza kuzipata upande wa Cheju kwa gharama ya usafiri tu. Na jirani yetu mwenye ng'ombe hana tatizo la kutupa samadi. Baadhi ya wenzetu wanasema vyote hivi vifukiwe moja kwa moja tutani wakati wa kulima, na wengine wanasema mwani na makumbi vina chumvi, kwa hiyo visikaribishwe kabisa kwenye mboga.

Naomba wenye ujuzi wanieleze mambo matatu: taka hizi zichanganywe vipi ili ziwe mboji nzuri, tuta moja la mita 10 kwa mita 1 linahitaji mboji kiasi gani, na kama mboji peke yake inaweza kututosha tukaachana na mbolea ya dukani.

Bwana_Shamba_Mstaafu ameandika:

Waalaykum salaam warahmatullah, dada yangu.

Nitaanza na hao wanaokushaurini mfukie kila kitu kikiwa kibichi, kwa sababu hapo ndipo wakulima wengi hupoteza mazao bila ya kuijua sababu. Vijidudu vinavyoozesha taka vinahitaji kaboni ya kuvipa nguvu na naitrojeni ya kujengea miili yao, na kazi hiyo huenda vizuri zaidi pale ambapo uwiano wa kaboni kwa naitrojeni uko baina ya 25 na 30 kwa 1. Samadi ya ng'ombe iko karibu na 20 kwa 1 na mbolea ya kuku karibu na 10 kwa 1, lakini vumbi la makumbi na kumvi za mpunga aghalabu hupita 100 kwa 1, na vumbi la mbao huweza kufika 400. Ukilifukia vumbi la namna hiyo tutani, vijidudu vitapata kaboni tele na vitakosa naitrojeni, kwa hiyo vitaichota ileile iliyomo udongoni ambayo tungule zako zinaitegemea. Matokeo yake ni kwamba majani ya chini yatageuka manjano na mche utadumaa, ingawa mkulima anaamini kwamba ametia mbolea. Naitrojeni hiyo hurudi baadaye vijidudu vinapokufa, ila msimu unakuwa umekwisha. Ndiyo maana tunajenga biwi, yaani lundo la taka za kuozesha, pembeni, ili ushindani huo umalizike kabla mche haujafika.

Tuviangalie vitu vyako. Migomba ina maji mengi na potasiamu nyingi, huoza haraka, na inatosha kuikatakata vipande vya urefu wa kiganja. Samadi ndiyo itakayolipasha moto biwi. Kumvi za mpunga zina silika nyingi na hubakia vilevile hata baada ya miezi mingi, kwa hiyo zitieni kidogo kwa ajili ya kupitisha hewa, na zilizobaki zitandazwe juu ya matuta kuzuia jua. Kwa kweli sioni haja ya kulipia gari la kutoka Cheju wakati mna makumbi nyumbani. Vumbi la makumbi ndilo ningelitilia maanani kuliko vyote, kwa sababu linaweza kushika maji mara kadhaa ya uzito wake, na ukosefu wa maji ndio ugonjwa wa kwanza wa ardhi yenu. Upungufu wake ni kwamba lina lignini nyingi, ambayo huvunjika polepole, na kama makumbi yenyewe yalifukiwa pwani ili yalainike, basi yamekaa katika maji ya bahari kwa miezi.

Hapo tunafika kwenye chumvi. Wanaoiogopa wana haki, lakini chumvi huondoka kwa maji matamu na maji hayo hutujia bure kila msimu. Litandazeni vumbi la makumbi mahali penye mteremko, mbali na konde na mbali na kisima, kwa unene usiozidi kiganja, na liachwe lipigwe na mvua za vuli. Mwani ufanyiwe hivyo hivyo lakini kwa muda mfupi zaidi, kwa kuwa unathaminiwa katika mboji kwa sababu ya potasiamu, na potasiamu nayo huyeyuka ikaenda na maji kama inavyokwenda chumvi. Mwani uliooshwa kwa wiki nyingi hauna madhara, na faida yake pia inakuwa imepungua sana. Kwa hiyo mimi napendelea kuosha kwa kiasi na kupunguza kipimo: mwani usizidi sehemu 1 katika sehemu 10 za biwi. Na nawasihi mtumie masalia tu. Tangu kilimo hiki kilipoanza kibiashara katika pwani yenu mwaka 1989, mwani mzuri una mnunuzi, hata kama bei yake haituridhishi, na hakuna sababu ya kuuozesha.

Jambo jingine linalosahauliwa ni maji ya kumwagilia. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na mboji yenye chumvi kidogo ikikutana na maji yenye chumvi kidogo, mboga hupata chumvi ya kutosha kuzidhuru. Bamia na maharage huathirika mapema. Tungule huvumilia zaidi. Kama maji ya kisima chenu yana ladha ya chumvi mdomoni, basi uacheni mwani kabisa na mtumie vitu vilivyobaki.

Ujenzi wa biwi lenyewe hauna siri. Shimo hamuwezi kuchimba, na hata mngeweza nisingelipendekeza, kwa kuwa hewa haifiki chini. Jengeni ukuta mfupi wa mawe wenye pande tatu, nafasi ya ndani iwe na upana na urefu usiopungua mita 1, na biwi lifike kimo cha mita 1 hadi 1.5, kwa sababu biwi dogo kuliko hapo halihifadhi joto. Chini kabisa pangeni vijiti au makuti makavu ili hewa ipite. Kisha, kwa kipimo cha pakacha, wekeni mapakacha 2 ya migomba na majani mabichi, 1 la vumbi la makumbi lililooshwa, 1 hadi 2 ya samadi, na kumvi au nyasi kavu kidogo, mkirudia tabaka hadi juu huku mkinyunyizia maji. Unyevu unapimwa kwa mkono: ukikamua konzi ya taka hizo, yatoke matone mawili matatu, yakitiririka, maji yamezidi na biwi litanuka, na yasipotoka kabisa, halitaoza.

Ndani ya siku chache biwi linapaswa kufika nyuzijoto 55 hadi 65 za Selsiasi. Chomekeni mtarimbo katikati, uacheni kama dakika kumi, kisha mkiushika sehemu iliyokuwa ndani msiweze kuendelea kuushika. Joto likianza kushuka, pindueni, zilizokuwa nje ziingie ndani. Funikeni kwa makuti, jua lisilikaushe na mvua isilioshe. Kwa mchanganyiko wa namna hii, miezi mitatu hadi minne inatosha, na vipande vya usumba ambavyo havijaoza vitachekechwa na kurudishwa katika biwi linalofuata.

Ama kiasi: kwa ardhi yenu ningetia kilo 2 hadi 3 kwa kila mita ya mraba, yaani kilo 20 hadi 30 kwa tuta lako, ambazo ni kama ndoo mbili hadi tatu za lita 20. Ikiwa mboji ni haba, msiitawanye tuta zima. Ielekezwe katika mashimo ya tungule na pilipili boga, nusu kilo hadi kilo moja kwa shimo, na mchicha upate kilichobaki. Katika joto letu mboji huisha upesi, kwa hiyo kipimo hicho kirudiwe kila msimu.

Swali lako la tatu nitalirudia, kwa kuwa linahitaji hesabu.

Kijana_wa_Ole (Pemba) ameandika:

Shukrani kwa maelezo, mzee wetu. Nitaongeza mawili kutoka huku kwetu.

La kwanza ni mvua. Pemba hupata kwa wastani kama milimita 1,900 kwa mwaka, na Unguja kama 1,600, na upande wenu wa kusini mashariki ni mkavu zaidi ya hapo, kwa hiyo ushauri wa kuosha makumbi kwa mvua unafanya kazi haraka zaidi kwetu kuliko kwenu. Huku shida yetu ni kinyume: biwi lisilofunikwa katika masika hulowa hadi likawa tope linalonuka, na rutuba yote ikamiminika mtaroni.

La pili ni majani ya mkarafuu. Msimu wa karafuu ukipita, chini ya mikarafuu kunabaki majani na vijitawi vingi. Makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, hatuyagusi, kwa kuwa yana bei yake katika Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), ambalo huyakamua mafuta pale Wawi, lakini majani yamebaki hayana mwenyewe. Nimeona yakioza kwa shida na miche ya kitalu iliyotiliwa majani hayo yakiwa mabichi haioti vizuri. Je, kuna njia ya kuyatumia?

Pia sisi hutia majivu ya jikoni katika kila tabaka la biwi, na tunaona faida. Sijui kwa nini mzee hakuyataja.

Bwana_Shamba_Mstaafu ameandika:

Sikuyataja majivu kwa makusudi, mwanangu, kwa sababu aliyeuliza analima maweni. Majivu ni alkali, nayo yanafaa katika udongo mwekundu uliochachuka kwa kuoshwa na mvua nyingi, kama ulivyo wa mashamba mengi ya mikarafuu. Maweni ni jiwe la matumbawe, ambalo ni chokaa, na kipimo cha pH (cha uchachu na alkali, ambapo 7 ni katikati) cha udongo wake hupita 7 na mara nyingi hukaribia 8. Katika hali hiyo fosforasi hushikwa na kalisi isiweze kunyonywa na mizizi, na madini ya chuma na zinki huwa yamo udongoni lakini mmea hauyapati. Ukiongeza majivu unalizidisha tatizo lilelile. Kwa upande wa akina mama wa Kusini nasema majivu yasitiwe hata kidogo, na mchanga wa pwani usitiwe vilevile, maana nao ni chokaa.

Mboji yenyewe, kinyume chake, husaidia. Asidi zinazotokana na kuoza huyakamata madini ya chuma na zinki na kuyaweka katika hali ambayo mizizi inaweza kuyanyonya. Mkulima anaweza kutambua upungufu kwa macho: manjano yakianza katika majani ya chini, yaliyozeeka, ni naitrojeni inayokosekana; yakianza katika majani machanga ya juu huku mishipa ikibaki kijani, ni chuma, na hapo kumwaga mbolea ya naitrojeni ni kupoteza fedha.

Kuhusu majani ya mkarafuu, mafuta yake yana yujenoli, kemikali ileile inayofanya karafuu itulize jino, na kemikali hiyo huua au huzubaisha bakteria, kuvu na mbegu zinazoota. Yaacheni majani hayo mvuani na juani hadi yapoteze harufu, kisha yatieni katika biwi lenye moto kwa kiasi kidogo, kama sehemu 1 kwa 10, na mboji yake isipelekwe kitaluni. Kwa kweli matumizi mepesi zaidi ni kuyatandaza chini ya migomba na mikarafuu yenyewe.

Mama_wa_Konde ameandika:

Ahsanteni sana, nyote wawili. Kumbe ndiyo maana majani machanga ya tungule zetu yanapauka na mishipa inabaki kijani. Sisi tulidhani ni jua. Majivu tumekuwa tukiambiwa kila mahali kwamba ni dawa, kwa hiyo onyo hilo limekuja kwa wakati wake. Nasubiri ile hesabu ya mbolea ya dukani, na nina wasiwasi mwingine pia: mboga zetu zinaliwa mbichi katika saladi na kachumbari za wageni. Je, samadi haitawaletea watu maradhi?

Mfugaji_wa_Mwera ameandika:

Dada, wasiwasi wako ni wa haki na ningependa wakulima wengi wangekuwa nao. Samadi mbichi na mbolea ya kuku inaweza kubeba bakteria wa salmonela na wale wa E. coli, pamoja na mayai ya minyoo, na mchicha au letasi hukua karibu sana na udongo. Tiba yake ni joto. Kanuni za kilimo hai za Marekani, ambazo wengi huzitumia kama kipimo, zinataka mabiwi ya wazi yanayopinduliwa yakae katika nyuzijoto 55 au zaidi kwa siku 15, na katika muda huo yapinduliwe mara 5 au zaidi, ili kila sehemu ipitie katikati. Kwa samadi isiyopitia biwi, kanuni hizo zinataka zipite siku 120 kabla ya kuvuna mboga inayogusa udongo, na siku 90 kwa isiyogusa. Mchicha huvunwa baada ya wiki chache tu, kwa hiyo samadi mbichi na mchicha haviendi pamoja kwa hesabu yoyote. Na mtu aliyepindua biwi changa asiende kuvuna kwa jembe na kapu lilelile.

Joto hilo lina faida ya pili: mbegu nyingi za magugu hufa. Sitegemei sana kwa ndago, kwa kuwa vitunguu vyake hujificha pembezoni ambako biwi ni baridi, kwa hiyo ndago ing'olewe na kukaushwa juani kabla haijatiwa.

Mimi nina kuku wa mayai, na mbolea yao iliyochanganyika na maranda huwa nawapa wakulima wa Bumbwisudi. Niwatahadharishe akina mama kwamba ikiwa mbichi huunguza miche kwa amonia, na kwamba ikiwekwa katika biwi moja na samadi nyingi, naitrojeni huzidi na ile ya ziada hupotea hewani kwa harufu. Kama biwi linanuka mkojo, ongezeni vumbi la makumbi.

Bwana_Shamba_Mstaafu ameandika:

Hesabu niliyoiahidi ni hii, na wenye kalamu waifuate.

Tungule zinazotarajiwa kuzaa vizuri zinahitaji naitrojeni kiasi cha gramu 10 hadi 15 kwa kila mita ya mraba katika msimu. Chukua mboji kilo 2.5 kwa mita ya mraba. Sehemu kubwa ya uzito huo ni maji. Tukitoa asilimia 40, inabaki kilo 1.5 ya mboji kavu. Mboji ya kawaida ina naitrojeni kama asilimia 1.5 ya uzito mkavu, kwa hiyo tumetia gramu 22 hivi, ambazo kwa kuzitazama zinaonekana zinatosha na kubaki. Lakini naitrojeni ya mboji imefungwa ndani ya vitu vilivyooza, na katika msimu wa kwanza hufunguka asilimia 10 hadi 20 tu, yaani gramu 2 hadi 4 na nusu. Upungufu unabaki kuwa mkubwa kuliko kilichopatikana.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la tatu ni kwamba katika misimu ya mwanzo mboji haitoshi peke yake kwa tungule, na yeyote atakayekuahidi kinyume cha hivyo mwombe akuoneshe vipimo. Ile iliyobaki ndani haipotei, hujilimbikiza, na baada ya misimu kadhaa ya kurudia, udongo hutoa zaidi. Faida ya haraka ya mboji katika maweni ni kushika maji na kushika hiyo mbolea ya dukani isipite mawe, pamoja na kuwafungulia chuma na zinki. Mchicha na bamia zinaweza kuridhika na mboji nzuri na nyongeza ndogo. Tungule na kabichi haziridhiki.

Nyongeza hiyo inaweza kutoka kwa kuku wa ndugu yetu wa Mwera. Mbolea ya kuku iliyokaushwa ina naitrojeni kama asilimia 3, na karibu nusu yake hupatikana katika msimu huohuo, kwa hiyo theluthi mbili za kilo kwa mita ya mraba hutoa gramu 10 hivi. Itiwe baada ya kuozeshwa, wiki mbili kabla ya kupandikiza. Mkiamua kutumia urea, ambayo ina naitrojeni asilimia 46, gramu 20 hivi kwa mita ya mraba zinatosha kwa msimu mzima, zigawanywe mara mbili au tatu. Katika udongo wa chokaa urea iliyomwagwa juu hugeuka amonia na kupeperuka, pengine ndiyo sababu moja ya ile mbolea yenu kuwa kama haikutiwa. Ifukieni kwa kina cha vidole viwili na mmwagilie papo hapo. Njia ya tatu, ambayo ni ya bei ndogo kabisa, ni kupanda milusina au giliricidia mipakani na kukata majani yake machanga kwa ajili ya biwi, kwa sababu majani ya jamii ya kunde yana naitrojeni nyingi na huoza ndani ya wiki chache.

Mwenye_Minazi ameandika:

Kabla hamjajenga, tazameni biwi litakaa wapi. Lile dudu jeusi lenye pembe ambalo hutoboa moyo wa mnazi hutaga mayai katika magogo ya minazi yaliyooza, na hutaga vilevile katika samadi na mabiwi yaliyoachwa yakapoa. Mabuu yake ni makubwa, meupe, yamejikunja, na hukaa humo kwa miezi. Biwi linalopinduliwa na kupata moto haliwafai, lakini lile linalosahauliwa nyuma ya nyumba huwa kiota, na anayelipia gharama ni mwenye minazi wa jirani. Mkiyakuta mabuu wakati wa kupindua, wapeni kuku. Magogo ya minazi msiyatie kabisa, hata yakiwa yamelainika, na mboji iliyokwisha kuiva ipelekwe kondeni badala ya kuwekwa akiba kwa msimu mzima.

Mama_wa_Konde ameandika:

Nimekusanya majibu yenu yote na tutayasoma pamoja katika kikundi. Mbolea ya kuku tutaifuata Mwera, inshallah, na kumvi tutaziacha. Maswali mawili ya mwisho, mzee wangu: kazi hii tuianze mwezi gani ili tuwahi msimu mzuri wa tungule, na tutajuaje kwamba mboji imeiva na haina chumvi, kwa kuwa hatuna chombo cha kupimia?

Bwana_Shamba_Mstaafu ameandika:

Hesabuni kwa kurudi nyuma. Tungule hufanya vizuri zaidi katika kipupwe, mvua za masika zikishapungua na jua likiwa halijawa kali, kwa hiyo miche ihamishwe mwezi wa Juni na kitalu kianzishwe mwanzoni mwa Mei. Mboji lazima iwe imeiva kufikia Aprili. Basi vumbi la makumbi litandazwe mvuani katika vuli, kuanzia Oktoba, na masalia ya mwani yafuate baadaye, kwa muda mfupi zaidi kama nilivyosema. Biwi lijengwe mwishoni mwa Disemba au Januari, wakati wa kaskazi, ambapo itabidi mlimwagilie maji kwa kuwa hewa ni kavu. Na masika yakianza kunyesha Machi, makuti ya kufunikia yawe mazito. Mkichelewa, msiiharakishe mboji changa. Itieni katika migomba na msubiri biwi la pili.

Mboji iliyoiva haipati moto tena hata ikipinduliwa na kumwagiliwa, ina rangi ya kahawia iliyokoza, ina harufu ya udongo baada ya mvua, na huwezi kutofautisha kipande cha mgomba na samadi. Ama chumvi, pimeni kwa maharage, kwa kuwa huyahisi madhara yake mapema kuliko tungule. Chukueni makopo mawili yenye matundu chini, moja mjaze mboji iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo, jingine udongo mtupu, kisha pandeni mbegu kumi katika kila kopo na kumwagilia maji ya mvua au ya bomba, si ya kisima. Ndani ya siku kumi mtakuwa mmepata jibu: yakiota sawasawa katika makopo yote mawili, mboji hiyo inafaa hata kitaluni, yakiota machache katika kopo la mboji, au kingo za majani zikakauka na kuwa kahawia, itandazeni tena chini ya mvua kwa wiki mbili na mrudie kipimo kabla haijagusa mche wowote wa tungule.